Uliza Mwalimu: Falsafa Yangu ya Elimu Niiandikeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza mafunzo ya ualimu hivi karibuni na sasa ninatafuta kazi. Shule ninazoomba zinanitaka niambatanishe ukurasa mmoja unaoeleza falsafa yangu ya elimu. Nimeuandika mara nne, na kila mara ninajikuta nimerudia maneno ya chuoni: mwanafunzi ndiye kitovu cha ujifunzaji, mwalimu ni mwezeshaji, kila mtoto ana uwezo wake. Ninayaamini maneno hayo, lakini nikiyasoma ninaona kwamba mtu yeyote angeweza kuyaandika. Rafiki yangu amenishauri nianze na nukuu ya mwanafalsafa maarufu. Je, mtu ambaye hajafundisha hata mwaka mmoja anaweza kudai kwamba ana falsafa?
Mwalimu Mpya

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu, na hongera kwa kumaliza mafunzo. Umekwisha kutambua jambo ambalo wengine huchukua miaka kulitambua, kwamba sentensi inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiwe yako. Uweke kando ukurasa huo kwa siku chache, kisha ujiulize swali moja tu: mwanafunzi anapotoa jibu lisilo sahihi mbele ya wenzake, wewe hufanya nini katika sekunde zinazofuata?

Nimekaa darasani miaka mingi, na nimesoma kurasa nyingi za aina hiyo kutoka kwa waombaji wa kazi, lakini sijaona mahali ambapo imani ya mwalimu hujitokeza waziwazi kama hapo. Anayeamini kwamba elimu ni shehena inayohamishwa kutoka kichwa kimoja hadi kingine atasema "sivyo", atamgeukia mwanafunzi wa pili, kisha wa tatu, mpaka apatikane aliyelibeba jibu analolitaka. Anayeamini kwamba kila anayejifunza huijenga maana kwa akili yake mwenyewe atataka kwanza kujua jibu lile limejengwa juu ya msingi gani. Na walimu hao wawili huenda wote wameandika kwamba mwanafunzi ndiye kitovu cha ujifunzaji.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyesimama ubaoni akaandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Darasa limeanza kunong'ona. Ukimwambia arudi kitini atarudi, na wenzake watakuwa wamejifunza kwamba ubaoni ni mahali pa kuaibikia. Lakini ukimwuliza kwa sauti ya kawaida, "Umefikaje hapo?", atakuonyesha kwa kidole: moja na moja ni mbili, mbili na tatu ni tano. Kumbe hakubahatisha. Ameichukua kanuni ya kujumlisha namba nzima, kanuni ambayo sisi walimu ndio tuliomfundisha na ambayo imemfaa kwa miaka kadhaa, akaipeleka mahali isipofanya kazi. Sasa mpe vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa, kimoja akikunje katikati na kingine akigawe sehemu tano, kisha mwulize kipi ni kikubwa, nusu au 2/5. Atanyamaza. Atautazama ubao tena, na hapo ndipo atakapoona kwamba alianza na nusu, akaiongezea kitu, na mwishowe akabaki na kidogo kuliko alichoanza nacho. Tangu dakika hiyo asili ya pamoja, yaani sita, inakuwa na sababu ya kutafutwa. Kabla ya hapo ilikuwa ni amri ya mwalimu tu.

Jambo hili ni la kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasimulia jinsi mwalimu wake Socrates alivyomchorea kijana mtumwa, ambaye hakuwahi kufundishwa jiometri, mraba wenye upande wa futi 2, akamtaka atafute mraba wenye eneo maradufu. Kijana alijibu bila wasiwasi kwamba upande uwe futi 4, lakini walipochora, eneo likawa 16 badala ya 8. Akajaribu futi 3, likawa 9. Hapo akakiri kwamba hajui, naye Socrates akamwonyesha bwana wa kijana huyo kwamba kijana sasa yuko katika hali bora kuliko alipodhani kwamba anajua, kwa kuwa sasa atatamani kutafuta. Na kweli, waliendelea mpaka wakafika kwenye mstari unaoukata mraba kutoka pembe hadi pembe, ambao ndio upande wa mraba uliotakiwa. Ningependa kijana yule angepewa nafasi ya kusema zaidi ya "ndiyo" na "hapana", maana maswali ya Socrates yalimwelekeza mno; hata hivyo hakuna aliyemwambia anyamaze kwa sababu amekosea.

Umeuliza kama mwalimu asiye na uzoefu anaweza kuwa na falsafa. Anayo, tena anayo kabla hata ya kuingia chuoni. Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza mwaka 1975 kwamba ualimu una tofauti na kazi nyingine kwa kuwa anayeuingia amekwisha kukaa maelfu ya saa akiwatazama walimu wakifanya kazi. Hatari yake ni kwamba mwanafunzi huona kile tu mwalimu anachokifanya mbele ya darasa. Haoni andalio la somo wala sababu ya mwalimu kuchagua mfano huu na kuuacha ule. Kwa hiyo wengi wetu huanza kazi tukiwa tumerithi sauti, maneno na hata hasira za walimu wetu bila kuvichunguza. Kuandika falsafa ni fursa ya kuuchunguza urithi huo, na kuamua kwa hiari unachokichukua na unachokiacha.

Mimi sikuuchunguza mapema. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha kulikuwa na msichana aliyekuwa mwepesi wa kunyoosha mkono. Siku moja alitoa jibu lililonishangaza, nami nikasema, "Hapana, kaa chini," kwa sauti ile ile niliyoambiwa mimi nilipokuwa na umri wake. Muhula ule hakunyoosha mkono tena, na mimi nikahitimisha kwamba somo limemshinda. Nilipokusanya madaftari mwishoni, niliona pembeni mwa kurasa zake hesabu ndogo ndogo zilizoandikwa kwa penseli na kufutwa, na nyingi kati ya hizo, nilipoziinua kwenye mwanga ili nizisome, zilikuwa sahihi. Alikuwa akijibu kila swali nililouliza, isipokuwa hakuniambia. Wakati huo nilikuwa na falsafa ya elimu iliyoandikwa kwa ufasaha mkubwa, na ndani yake kulikuwa na neno "kumwezesha".

Kwa hiyo anza ukurasa wako na tukio moja kutoka katika mazoezi yako ya kufundisha, hata kama ni dogo. Eleza mwanafunzi alisema nini, wewe ulifanya nini, na kwa nini ulifanya hivyo. Sababu utakayoitoa ndiyo falsafa yako, nayo itakuwa na jina la somo lako ndani yake, kwa sababu anayefundisha lugha hakutani na makosa ya aina ile anayokutana nayo anayefundisha fizikia. Kisha eleza jambo moja ambalo bado linakushinda. Wasomaji makini hulithamini kuliko unavyodhani.

Kuhusu nukuu, mtaje mwanafalsafa ikiwa tu amebadilisha kitu unachokifanya darasani. Paulo Freire wa Brazili anatajwa sana kwa kuufananisha ufundishaji mbovu na benki, ambapo mwalimu huweka amana na mwanafunzi kazi yake ni kuitunza. Wanaoinukuu kauli hiyo mara nyingi husahau kazi iliyokuwa nyuma yake: mwaka 1963, katika mji wa Angicos, mpango wake uliwafundisha watu wazima wapatao 300 kusoma na kuandika kwa muda wa saa 40 hivi, kwa kuanzia kwenye maneno ya maisha yao wenyewe. Ikiwa nawe umewahi kutupa orodha ya msamiati wa kitabuni ukaanza na maneno ya wanafunzi wako, mtaje Freire kwa moyo mweupe. Ikiwa bado, mwache apumzike.

SWALI: Mwalimu, nimefundisha miaka 19. Darasa langu limejaa, mtaala ni mrefu, na mitihani haimsubiri mtu. Kumwuliza kila mtoto amefikaje kwenye jibu lake ni jambo la walimu wenye nafasi. Nimefikia kuamini kwamba falsafa ya elimu ni pambo la siku ya usaili. Ninakosea?
Mwalimu Aliyechoka

JIBU: Pole kwa kazi, ndugu yangu. Uchovu wako ninauheshimu, na siwezi kukuambia kwamba mtihani si kitu, kwa sababu mwanafunzi atapimwa kwa mtihani huo na mlango utafunguka au utafungwa. Ila hapo mwisho sikubaliani nawe. Muda unapopungua kila mwalimu huacha kitu, na kile anachokiacha kwanza hutuambia anaamini nini. Wewe pia una falsafa darasani humo, hata kama hukuiandika.

Tazama jambo dogo kama ukimya. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida walisubiri sekunde 1 hivi baada ya kuuliza swali, kisha wakalijibu wenyewe, wakalirudia au wakamwita mwingine. Walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, waliokaa kimya wakaanza kusema, na "sijui" zikapungua. Hizo ni sekunde mbili za nyongeza, na haziombi darasa dogo wala vifaa.

Huna haja ya kumhoji kila mmoja. Wote waandike jibu katika madaftari kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Wewe pita kati ya safu, chagua kosa moja lililojirudia, uliandike ubaoni bila jina la mtu, kisha uwaulize ni fikra gani inayoweza kumfikisha mtu hapo. Dakika tano zinatosha. Mimi nilipoanza kufanya hivyo niliogopa kwamba ningebaki nyuma ya azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundishwa, na majuma ya mwanzo nilibaki nyuma kweli. Baadaye niligundua kwamba mada ambazo zamani nilizirudia kabla ya kila mtihani sikuhitaji tena kuzirudia zote.

SWALI: Mimi ni mkuu wa shule. Tunapopokea kurasa hizi za falsafa, tutaitambuaje iliyo ya kweli?
Mkuu wa Shule

JIBU: Kwa ukurasa peke yake ni vigumu, Mkuu, kwa kuwa kuandika vizuri ni kipaji kingine. Katika usaili, mpe mwombaji daftari la mazoezi lenye makosa halisi, jina la mwanafunzi likiwa limefichwa, umwache dakika kumi na kalamu. Usimwombe asahihishe. Mwambie akueleze mwenye daftari alikuwa akifikiri nini, na ni swali gani angemwuliza kesho asubuhi.