Jasho jingi, misuli ileile

SWALI: Ninanyanyua vyuma siku 5 kwa wiki, na huu ni mwezi wa 8 tangu nianze. Kila wiki hubadilisha mazoezi ili misuli isizoee, na mwili huniuma siku mbili nzima, lakini kifua na mikono havijaongezeka. Jambo kubwa ninalolikosa ni lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, jasho ni mwili kujipoza tu, na maumivu ya kesho yake mara nyingi huonyesha kwamba umefanya kazi usiyoizoea, vyote viwili si kipimo cha ukuaji. Misuli hunenepa inapofanyishwa kazi hadi karibu na ukomo wa nguvu zake, na kazi hiyo ikaongezwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Ndiyo maana ninaitilia shaka tabia yako ya kubadilisha mazoezi: katika wiki za mwanzo za zoezi jipya, nguvu huongezeka zaidi kwa sababu neva zinajifunza mwendo wake, nawe unaliacha kabla misuli haijafaidi.

Chagua mazoezi machache, uyashike kwa wiki 8 au zaidi, na uandike kila seti, yaani marudio unayoyafanya mfululizo bila kupumzika, katika daftari. Ikiwa leo umelala kwenye benchi ukasukuma kilo 40 mara 8, safari ijayo tafuta mara 9. Ukifikisha 12 katika seti zote, ongeza kilo 2.5 na uanze tena kwenye 8. Wanaobishana kuhusu uzito mkubwa na mdogo hujichosha bure, kwani marudio 6 hujenga na 25 pia hujenga, ilimradi uweke chuma chini ukiwa umebakiwa na nguvu za marudio 1 hadi 3 tu. Utajua umefika hapo chuma kinapopanda polepole ingawa unakisukuma kwa nguvu zako zote.

Kwa kila msuli, seti 10 hivi kwa wiki, zikigawanywa katika siku 2, zinatosha kuanzia, na kati ya seti nzito pumzika dakika 2 hadi 3 bila kuona haya. Lala vya kutosha. Protini ya kila siku ilenge gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani takribani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70.

Baada ya wiki 8, fungua daftari. Ikiwa namba zimesimama palepale na uzito wa mwili nao haujasogea, huenda kasoro haiko tena kwenye vyuma: ongeza chakula.