Nimetajwa kuwa msimamizi wa mirathi, nianzie wapi?

SWALI

Mhariri mpendwa,

Baba yetu alifariki dunia wiki saba zilizopita, akatuacha watoto wanne pamoja na mama. Katika mkoba wake wa nyaraka tulikuta wasia unaonitaja mimi, mtoto wa pili, kuwa msimamizi wa mirathi. Sina elimu ya sheria, na kila ninapoishika ile karatasi machozi hunitoka. Mdogo wangu ndiye mwenye kadi ya benki ya marehemu na namba yake ya siri, naye amekwisha kutoa fedha mara mbili kwa ajili ya gharama za mazishi. Sasa amejitokeza mtu anayesema anafahamiana na watu wa mahakamani, ambaye anaahidi kumaliza kila kitu kwa wiki mbili akipewa asilimia 10 ya mali. Je, ni lazima nitafute wakili? Na je, ninaweza kuukataa usimamizi huu?

Binti wa Marehemu

JIBU

Dada mpendwa, pokea pole zetu za dhati, wewe, mama na ndugu zako wote. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa lina muda wake. Katika nchi nyingi, mtu aliyetajwa kwenye wasia halazimishwi kuwa msimamizi. Anaweza kukataa kwa maandishi mbele ya mahakama, na mwingine akateuliwa mahali pake. Lakini uhuru huo hupungua mara tu anapoanza kuitenda kazi yenyewe. Kuandaa mazishi, kufunga milango ya nyumba na kuzitunza nyaraka hakukufungi. Kuuza gari la marehemu, kupokea kodi za wapangaji wake au kukusanya madeni aliyokuwa akidai kunaweza kuhesabiwa kuwa umekwisha kuukubali usimamizi, na baada ya hapo kujitoa huwa kugumu. Kwa hiyo usiguse mali yoyote mpaka uwe umeamua.

Kuhusu kadi ya benki, iwekwe kando leo hii. Ruhusa ya kuitumia, hata kama marehemu mwenyewe aliitoa kwa kinywa chake, ilikoma siku aliyofariki, na hata hati ya uwakilishi kwa kawaida hukoma pamoja na uhai wa aliyeitoa. Sina shaka kwamba mdogo wako alifanya hivyo kwa nia njema, tena katikati ya majonzi. Hata hivyo, fedha hizo sasa ni mali ya mirathi, na siku moja msimamizi atatakiwa kuzitolea hesabu. Mwombe aandike kila alichotoa na kila alichokilipia, kisha aambatishe risiti. Benki iarifiwe juu ya kifo. Nyingi zina utaratibu wa kulipia mazishi moja kwa moja kutoka kwenye akaunti zikiletewa ankara, jambo ambalo familia nyingi hazilijui kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Wasia wenyewe uuhifadhi kama ulivyoukuta. Usiandike chochote juu yake, na hata unapotaka kutoa nakala, usizibandue zile pini za stepla zinazoshikilia kurasa. Tundu la pini lililoachwa wazi humfanya karani wa mahakama ajiulize kama palikuwa na ukurasa mwingine uliochomolewa, nawe unaweza kutakiwa kuapa kiapo cha kueleza jambo ambalo lingeepukika. Mahakama huhitaji wasia halisi, si nakala.

Sasa tuje kwa wakili. Katika nchi nyingi sheria haimlazimishi msimamizi kuwa na wakili, na mirathi yenye wasia ulio wazi, warithi wanaoelewana na mali isiyo na utata inaweza kufunguliwa na mtu asiye mwanasheria, mradi awe na subira ya kujaza fomu. Karani wa mahakama atakueleza ni fomu gani zinahitajika na mahali pa kuziwasilisha. Asichoruhusiwa kwa kawaida ni kukushauri juu ya haki zako. Hali ni tofauti kabisa ikiwa kuna anayeupinga wasia, mrithi aliye mtoto mdogo, mali iliyoko nchi nyingine, mtoto au mwenza ambaye familia haikumjua, au madeni yanayoelekea kuizidi mali. Likiwapo hata moja kati ya hayo, ninakusihi usiende peke yako.

Hapo katikati ipo njia ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kumlipa wakili kwa sehemu tu ya kazi: ausome wasia, akague maombi kabla hayajawasilishwa, au apitie hesabu zako mwishoni. Wasio na uwezo wanaweza kuuliza kwenye chama cha mawakili au kwenye vituo vya msaada wa sheria, ambavyo baadhi ya vyuo vikuu navyo huviendesha. Yeyote utakayemchagua, makubaliano yawe ya maandishi, na kama anatoza kwa asilimia, muulize kama ni asilimia ya mali yote au ya kinachobaki baada ya kulipa madeni, kwa sababu tofauti yake inaweza kuwa kubwa mno.

Huyo aliyeahidi wiki mbili, mkatalieni. Hakuna mtu aliye nje ya mahakama anayeweza kuahidi siku ambayo mahakama itatoa uamuzi, kwa kuwa mara nyingi hutakiwa tangazo na muda wa kusubiri ili mwenye pingamizi ajitokeze. Vishoka wa namna hii huwafuata wafiwa wakiwa wamechoka, na ninaumia kila ninaposoma barua ya familia iliyokwisha kuwakabidhi hati za nyumba.

Ukiamua kukubali, nunua daftari. Niliposimamia mirathi ya marehemu shangazi yangu, nililigawa langu kwa safu nne, yaani tarehe, kiasi, aliyelipwa na sababu, na kila risiti niliibandika ukurasa wa pili yake. Binamu yangu alipouliza juu ya malipo ya fundi wa paa miezi minane baadaye, nilimfungulia ukurasa huo tukaendelea na mazungumzo mengine. Chukua pia nakala kadhaa za cheti cha kifo zilizothibitishwa, kwa maana kila taasisi itataka ya kwake. Madeni yalipwe kabla ya kugawa urithi, kwani msimamizi anayegawa kwanza anaweza kudaiwa kutoka mfukoni mwake. Fedha za bima ya maisha zenye mnufaika aliyetajwa mara nyingi hazipitii mirathi, ingawa ziko nchi ambako mnufaika huzipokea kwa niaba ya warithi, basi uliza kabla hazijatumika.

SWALI

Wasia wa mama yetu ulishuhudiwa na watu wawili, na mmoja wao ni kaka yetu mkubwa, ambaye humo humo ameachiwa nyumba. Je, wasia wote umebatilika?

Msomaji

JIBU

Kwa kawaida haubatiliki wote. Sheria ya Wasia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo iliigwa na nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Uingereza, inasema kwamba anayeshuhudia wasia hupoteza kile alichoachiwa ndani yake, na hali ni hiyo hiyo ikiwa shahidi ni mume au mke wa aliyeachiwa. Ushahidi wake unabaki halali, na sehemu nyingine za wasia husimama. Katika baadhi ya nchi angelindwa kama wangekuwapo mashahidi wengine wawili wasiofaidika, jambo ambalo kwa maelezo yako halikuwapo. Nyumba hiyo basi huenda ikarudi kwenye mali ya jumla, na yaliyomo katika wasia pamoja na sheria ya mahali mlipo ndiyo yataamua nani aipate. Kwa hili mpelekeeni wakili wasia halisi mkiwa pamoja na kaka yenu, ili alisikie kutoka kwa mwanasheria, asilisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa wadogo zake.