Mwani mwekundu ukianza kupauka, angalia chakula kabla ya taa

Ukishakuwa na tangi la maji chumvi, karibu kila mtu atakuhimiza upunguze nitrati, yaani nitrojeni iliyoyeyuka majini. Kwa mwenye matumbawe magumu, sawa. Ila mwani mwekundu wa mapambo unauliwa na ushauri huohuo. Matangi ya namna hiyo nimeyaona kwa wenzangu: maji yanang'aa, kipimo cha nitrati kinasoma sifuri, Halymenia, aina ya mwani mwekundu, iliyonunuliwa ikiwa nyekundu ya kuiva sasa ina rangi ya chungwa iliyochujuka, na mwenye tangi yuko mbioni kuongeza taa.

Wekundu ule unatokana na fikoerithrini. Hiyo ni protini, na protini haijengwi bila nitrojeni. Mwani ukishiba, huweka akiba humo. Ukipungukiwa, huivunja akiba yake na kuila, nao wekundu unaondoka. Ndiyo maana mimi hutazama rangi kwanza, vipimo baadaye. Nitrati naiacha icheze kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfati, kirutubisho kingine, karibu na 0.05 hadi 0.1. Zikishuka, nawaongezea samaki chakula au napunguza saa za skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) kabla sijawaza kununua virutubisho vya chupa. Madini ya chuma yanasaidia, lakini kwa matone machache tu, kwa sababu mwani wa nywele, ule wa nyuzinyuzi usiotakiwa tangini, nao unayapenda.

Taa nazo zina makosa yake. Fikoerithrini hunasa vizuri mwanga wa kijani na wa buluu-kijani, ndiyo sababu mwani mwekundu mwingi huweza kuishi kina kirefu ambako mwanga ni hafifu. Mpya uweke chini, ubavuni mwa jiwe penye kivuli, kisha uupandishe taratibu ukiona unaota vizuri. Kutofautisha si kazi ngumu: uliochomwa na taa hupauka upande unaotazama juu, na chini yake hubaki mwekundu, wenye njaa hupauka mche mzima.

Kama ndiyo unaanza, chukua Gracilaria. Ni mvumilivu, inakubali kufungwa kwenye jiwe kwa uzi au kuachwa ibiringike na mkondo, na ukiikata kwa mkasi kipande kinaota upya. Botryocladia inapendeza kwa vipira vyake vinavyofanana na zabibu. Kiminye kimoja na utaona ndani mna ute, si hewa. Halymenia ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho yangu, na ndiyo inayosumbua. Jani lake ni pana na laini, pembeni limekunjamana, na uchafu hutuama kwenye mikunjo hiyo hadi mwani wa nywele unaotea hapo. Inataka mkondo wa kuitikisa, si wa kuipiga. Mimi huchukua sirinji kubwa isiyo na sindano, nikapulizia maji kwenye mikunjo kila ninapobadilisha maji ya tangi. Nunua iliyokwisha kushika jiwe lake, wala usiibandue.

Kabla mwani wowote haujaingia, utikise kwenye beseni lenye maji ya tangi na uchungulie shinani. Humo ndimo hujificha Aiptasia (anemoni ndogo zinazosumbua matangi), kaa wadogo na konokono usiowajua. Usiuzamishe kwenye dawa yenye shaba, itauua kabla ya hao wadudu. Halafu hesabu samaki wako: ukiwa na tafi au kangaja, umewanunulia chakula cha bei. Nimeshaona watu wakilalamika kwamba mwani wao hauoti, kumbe unaota vizuri sana, ila unatafunwa mchana kutwa.

Chumvi na joto havina mengi: uzito wa maji wa 1.025 ukilinganishwa na maji baridi yasiyo na chumvi, na nyuzi joto 24 hadi 26 za Selsiasi, vinatosha, mradi visiyumbe.

Kagua mashina mara kwa mara kwa vidole. Kipande kinachoteleza na kuachia rangi ya waridi majini kimekwisha kufa, kwani fikoerithrini huyeyuka kwenye maji mara seli zinapopasuka. Kikate hadi ufike penye nyama ngumu, ukitoe siku hiyohiyo. Kikiachwa kioze humo, chakula chote ulichoulisha mwani kitarudi majini kwa mpigo, na wa kwanza kukidaka atakuwa mwani wa nywele.