Miaka 50 si kuchelewa
Yaya, umeuliza kama dada yako, muuza mitumba pale Kadutu, amechelewa kuanza kuigiza maana amefikisha miaka 50 na hakusomea filamu. Hapana! Mwigizaji Edith Massey wa Baltimore, Marekani, alizaliwa 1918. Alikuwa akihudumia wateja kwenye baa mtaani Fells Point, na humo ndimo mwongozaji wa filamu John Waters alimkuta. Filamu yao ya kwanza, ya pesa kidogo sana, ilitoka 1970. Hakuwa na ufundi wowote wa shule. Sauti yake na meno yake yenye mapengo ndivyo vilimfanya apendwe, mimi nampenda mno kwa hilo. Na hata baada ya kujulikana, aliuza vitu vikuukuu dukani kwake. Kwa hiyo dada asifunge kibanda, ila mazoezini aende.