Nimebandua wolpepa, ukuta umeharibika: nipige puti juu ya gundi?

SWALI: Fundi, nimebandua wolpepa ya stika sebuleni. Lipu imetoka vipande vipande na kwingine imebaki gundi inayonata. Fundi niliyemwita anasema apige puti ya kusawazisha ukuta leo hii juu yake, kesho apake rangi. Jirani ananiambia nifute gundi kwa mafuta ya taa. Nimsikilize nani? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Dada yangu, usimsikilize hata mmoja. Mafuta ya taa yananyonywa na lipu na kubaki humo, na rangi ya maji haishiki penye mafuta. Wapo hata wanaoshauri petroli. Hao wanataka kukuchomea nyumba.

Mashimo yasikutishe, hiyo ni kazi ndogo. Gongagonga ukuta, panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na tofali. Pachimbue mpaka ufike pagumu, ondoa vumbi, loanisha, ziba kwa mchanga na saruji.

Kinachonikera, na ninakikuta karibu kila nyumba, ni hii imani kwamba puti inafunika kila kitu. Puti ikipigwa juu ya gundi imeshika gundi tu, ukuta haijaugusa. Halafu puti na rangi zinapokauka zinasinyaa na kuvuta. Gundi inaachia, yanatokea mapovu, nyufa ndogondogo, mwisho maganda. Mwenye nyumba analaumu rangi, anakwenda dukani kununua ya bei kubwa zaidi, anaipaka juu ya gundi ileile! Wakati huo fundi ameshalipwa na simu hapokei.

Gundi ya unga, ile ya wolpepa za karatasi, inalainika kwa maji ya uvuguvugu na kuoshwa kwa sponji. Ukipitisha kiganja kilicholowa ukutani kikateleza, bado ipo. Gundi ya stika yako maji hayaiwezi. Ipashe moto kwa drai ya saluni, ikwangue kwa skrepa ingali laini. Mabaki sugu yafute kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, madirisha yakiwa wazi na pasiwe na moto karibu, kisha acha pakauke kabisa. Pasipotoka, bora ukwangue na ngozi ya juu ya lipu kuliko kuiacha gundi. Baada ya hapo ndipo puti, msasa, kufuta vumbi, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), rangi. Viraka vya saruji vipe kama wiki nne. Saruji mbichi ina alkali kali, na rangi ya mafuta ikipakwa juu yake inageuka sabuni na kubanduka.

Lakini wolpepa hiyo iliwekwa kwa nini? Nauliza kwa sababu wengi huibandika kuficha ukuta unaotoka chumvi au fangasi. Wolpepa ya plastiki inauzibia ukuta pumzi: maji yanayopanda kutoka kwenye msingi au kuvuja kwenye bomba yanakosa pa kutokea, na lipu inaoza kwa nyuma. Mara nyingi hiyo ndiyo sababu inabanduka pamoja na stika. Puti ya jipsamu nayo ikikutana na unyevu inalainika, wala hakuna rangi ya kupaka ndani itakayozuia maji yanayoingia kutoka nje, hata muuzaji aisifie vipi.

Kwa hiyo kata nailoni angavu, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi (kama selotepu) pande zote nne pasipite hewa, uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, maji yamo ukutani. Hapo simamisha kazi ya rangi. Kagua mabomba, bomba la maji ya kiyoyozi, mfereji wa paa, na nje uangalie kama udongo au sakafu ya uani imepandishwa ikapita ile nailoni ya msingi, inayolazwa chini ya ukuta kuzuia maji yasipande. Hayo yakitengenezwa, uache ukuta wazi ukauke, hata kama ni miezi, halafu urudie jaribio la nailoni kabla hujanunua puti.