Re: Kisiwa gani kidogo cha Karibi kina historia, siyo mahoteli tu?

Mkuu, we nenda Carriacou. Ni sehemu ya nchi ya Grenada, kama kilomita za mraba 34 tu, vilima vikavu na kilele chake High North kina mita 291, halafu ufukweni Paradise Beach maji yametulia na mbele yake kuna Sandy Island, kakisiwa ka mchanga.

Ila mi kinachonigusa ni watu wake. Wana sherehe inaitwa saraca, na hilo neno ni sadaka hii hii yetu, limefika kule na watumwa wa Afrika Magharibi. Wanapika nje kwa kuni masufuria makubwa, mbaazi, wali, na kitu kama ugali wanaubinya mviringo kwa mkono, halafu sahani ya kwanza inatengwa ya wazee waliokufa, haiguswi. Usiku inapigwa Big Drum, ngoma tatu, ile inayoongoza inakatizwa uzi wenye pini juu ya ngozi ndo maana inalia kwa kukwaruza, na kila taifa la Afrika walikotoka mababu lina mdundo wake, Cromanti, Igbo, Kongo, mpaka leo wapo wanaojua ukoo wao ni wa mdundo gani!

Kijiji cha Windward bado wanaunda majahazi ya mbao pwani kwa mkono, UNESCO waliutambua ufundi huo 2023.

Jua tu kwamba kimbunga Beryl kilipiga tarehe 1 Julai 2024 kikaharibu karibu kila jengo, kwa hiyo ulizia malazi mapema, na ukiweza lala kwa wenyeji hela ibaki kwao.