Re: Upasuaji wa kupunguza uzito ni uvivu?
Mkuu unauliza kama dada ako kufanyiwa operesheni ni uvivu wa mazoezi, wala aisee. Watu wanachanganya, hii sio kunyonya mafuta, na lile puto la tumboni wanaloweka hospitali ya Mloganzila, Dar, ni kitu kingine, lile linapitishwa mdomoni bila kisu na baadae linatolewa. Kama yeye alikatwa mfuko wa chakula basi wametoa robo tatu hivi au zaidi, na huko ndo homoni ya njaa inatengenezwa kwa wingi, ndo maana hamu ya kula inashuka. Wiki za mwanzo ni supu ya kuchuja kijiko kwa kijiko, halafu vitamini maisha yote, uvivu uko wapi hapo? Tatizo mashangazi wa "kakonda, ana ngoma huyu", na nyie msimlazimishe ubwabwa.